Kinjikitile Ngwale: mganga wa Ngarambe na pesa ya pamba isiyoonekana

Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wa Kingoni. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini vita hivyo havikuanzia Songea. Vilianzia huku kwetu, kati ya Mto Rufiji na milima ya Umatumbi, na mtu ambaye jina lake limefungamana navyo kuliko mwingine yeyote aliishi Ngarambe na akanyongwa Mohoro. Sehemu zote mbili ziko Rufiji. Mtu wa Ikwiriri anaweza kwenda Mohoro kwa bodaboda na kurudi siku hiyo hiyo.

Wengi wanamjua kwa jina la Kinjeketile, kwa sababu ya tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Katika simulizi za wazee wa Umatumbi na Rufiji anaitwa Kinjikitile, Kinjikitile Ngwale, na makala haya yanafuata jina hilo. Tamthilia ni kazi ya sanaa. Habari za mtu mwenyewe zimetoka zaidi kwa wazee waliohojiwa miaka ya 1960, wengi wao wakiwa vijana au watoto wakati wa vita, na mtafiti G. C. K. Gwassa pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 1968 walitumwa vijijini kukusanya simulizi kabla wazee hao hawajaisha.

Kwa kawaida habari zake huanza na kuishia kwenye maji: dawa aliyosema itageuza risasi kuwa maji. Sisi tutaanza na pesa, maana bila kuielewa pesa ya pamba ni vigumu kuelewa kwa nini maelfu ya watu wazima, wenye akili zao, walifunga safari kwenda kumsikiliza mganga mmoja wa kijijini.

Nchi yenye mali

Wajerumani hawakuja Rufiji kwa bahati mbaya. Waliona mali tatu. Ya kwanza ilikuwa mikoko ya delta. Boriti za mikoko zilikuwa zimesafirishwa kwa majahazi kwenda Unguja na Uarabuni kwa karne nyingi, na magamba yake yalitakiwa Ulaya kwa kutengenezea ngozi. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni iliitangaza misitu hiyo kuwa mali yake, na ofisi ya misitu ikawekwa Salale, humo humo katika delta. Tangu hapo aliyekata boriti bila kibali alikuwa mhalifu, hata kama babu yake alikata pale pale.

Mali ya pili ilikuwa wanyama. Amri ya uwindaji ya mwaka 1896, iliyotolewa na Gavana Hermann von Wissmann, ilitaka leseni kwa anayewinda tembo, na sehemu ya Rufiji ya juu ikatengwa kuwa hifadhi. Pembe za ndovu zikawa mapato ya serikali na ya wenye leseni. Nguruwe, nyani na tembo walioingia shambani usiku wakabaki kuwa tatizo la mkulima.

Mali ya tatu haikuwepo ardhini. Ilibidi ipandwe kwa jasho la watu, nayo ndiyo iliyowasha moto.

Mafungu matatu

Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilihitaji pamba, na vilichoka kuitegemea Marekani. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeshika madaraka mwaka 1901, alianzisha mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini na pwani. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kabisa. Kila eneo lingekuwa na shamba lake chini ya jumbe au akida. Kila mwanaume mzima angefanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Pamba ingeuzwa kupitia chombo cha wilaya, na mapato yangegawanywa mafungu matatu yaliyo sawa: theluthi kwa jumbe au akida msimamizi, theluthi kwa chombo cha wilaya kilichouza, na theluthi kwa wafanyakazi.

Theluthi, theluthi, theluthi. Nani angelalamika?

Chukua mfano wa kufikirika. Shamba lenye watu 40 limeuza pamba ya rupia 60. Jumbe anachukua 20, peke yake. Ofisi inachukua 20. Zinabaki 20 za kugawana watu 40, yaani nusu rupia kila mmoja kwa kazi ya mwaka. Na huo ni mfano wenye huruma. Hali halisi katika wilaya ya Dar es Salaam, kama ilivyorekodiwa na wanahistoria, ilikuwa senti 35 kwa kila mtu, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilikuwa rupia 3. Huhitaji penseli kuona kwamba mtu aliyelima pamba ya serikali mwaka mzima hakuweza kulipa kodi ya serikali hiyo hiyo.

Kasoro kubwa ya mpango ule, kwa maoni yetu, haikuwa ukubwa wa fungu. Ilikuwa kwamba mkulima hakushika mizani, hakupanga bei na hakuwa na njia ya kukagua daftari. Pamba iliondoka mbele ya macho yake ikiwa mzigo, ikarudi baada ya miezi ikiwa sarafu chache mkononi mwa jumbe. Katikati hapo palikuwa na ofisi, meli, soko la ng'ambo na hesabu iliyoandikwa kwa Kijerumani. Akiambiwa bei imeanguka, angebisha kwa ushahidi gani? Na yule aliyemkabidhi sarafu ndiye aliyekuwa na theluthi yake mwenyewe mfukoni, ndiye aliyeamua nani aende shambani, na ndiye aliyesimamia viboko. Msimamizi, mgawaji na mnufaika walikuwa mtu mmoja.

Siku 28 nazo zilikuwa za kwenye karatasi. Pamba ni zao lenye kazi nyingi, nalo hudai palizi wakati ule ule mahindi na mpunga vinapodai palizi. Wazee wa Umatumbi walisimulia jinsi vijiji vilivyopangiwa zamu kwenye shamba la jumbe na tena kwenye shamba la Samanga pwani, kila kaya ikitoa mtu. Mwanaume alipokuwa huko, nguruwe walikuwa shambani kwake.

Bwawa la Ngarambe

Katika hali hiyo, mwaka 1904, yakatokea mambo ya Ngarambe.

Kinjikitile alikuwa mtu wa kawaida, mwenye wake na watoto. Simulizi inasema asubuhi moja, yapata saa tatu, familia ikiwa imekaa nje inaota jua, alianguka kifudifudi akaanza kuburutwa kwa tumbo, mikono mbele, kuelekea mtoni. Waliomshika miguu ili kumzuia walishindwa, naye akalia kwamba wanamuumiza. Akazama bwawani, katika kijito kinachomwaga maji yake Rufiji. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wasimwone. Ndugu wakalala kando ya bwawa wakisubiri maiti. Kesho yake, saa ile ile, alitoka mzima, na nguo zake zilikuwa kavu.

Tangu siku hiyo aliaminika kuwa amepandwa na Hongo, pepo wa majini. Anayetaka kucheka acheke, ila ajue kwamba kwa watu wa bonde hili jambo hilo halikuwa geni. Kwa miaka mingi walikuwa wakienda Kibesa, juu ya Mto Rufiji, kwa Bokero, kuomba mvua na mavuno. Kinjikitile aliingia katika njia iliyokuwa tayari imekanyagwa, akaipeleka mahali pengine.

Alifundisha kwamba wazee waliokufa wangerudi. Alifundisha kwamba Mpogoro, Mkichi na Mmatumbi ni watu wamoja, wote wa Sayyid Said. Jina hilo la Sultani wa Unguja linaweza kushangaza leo, maana Sultani huyo alikufa mwaka 1856. Lakini kwa watu wa 1904 lilimaanisha zamani kabla ya Mjerumani, wakati mtawala alikuwa mbali na hakujua idadi ya nyumba zako. Na alitoa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Mwanzoni dawa hiyo ilikuwa ya mavuno, afya na usalama wa shamba. Baadaye ikawa ya vita.

Watu wakaanza kumiminika. Walitoka Umatumbi, vilima vya Kichi, Ungindo na bonde la Rufiji, vikundi kwa vikundi, wengine wakitembea siku kadhaa. Mwanzoni mwa 1905 habari zilienea kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, maneno ya kunong'ona. Mtu alimwambia mwenzake wakati wa palizi, humo humo katika shamba la pamba, huku msimamizi akipita. Nadhani hakuna jambo linaloonyesha vizuri zaidi upofu wa utawala ule: serikali iliwakusanya watu wa vijiji mbalimbali mahali pamoja ili ipate pamba, ikawapa nafasi ya kupanga. Wajumbe wa Kinjikitile, walioitwa kwa jina la pepo lake, Hongo, walipeleka dawa mbali zaidi.

Alichofanikiwa kufanya hakikuwahi kufanywa na jumbe wala mfalme yeyote kusini mwa nchi hii. Makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja, mengine yakiwa na uhasama wa zamani, yalipata neno moja la kuwaunganisha. Baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wanasema umuhimu wake umekuzwa, na kwamba kila eneo lilikuwa na sababu zake na viongozi wake. Wana hoja, hasa kwa sehemu za mbali kama Ungoni. Lakini kwa Rufiji na Umatumbi ushahidi wa wazee ni mzito.

Mashina matatu ya pamba

Kwa mujibu wa wazee hao, Kinjikitile hakutoa amri ya kuanza. Aliwaambia wafuasi wasubiri, na wakati huo vijana walifundishwa mazoezi ya kivita. Miezi ikapita. Mwezi Julai 1905 pamba ilikuwa tayari kuvunwa tena, na Wamatumbi wakaona kwamba wakisubiri zaidi watakuwa wameivuna kwa mwaka mwingine.

Mwishoni mwa mwezi huo, huko Nandete, ambayo leo iko wilaya ya Kilwa na ina mnara wa kumbukumbu, wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina matatu. Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kutangaza vita. Hawakuchoma boma wala kuua askari kwanza. Walichagua mmea. Akida wa Kibata alifukuzwa, na tarehe 31 Julai wapiganaji walishuka Samanga wakaharibu pamba na kituo cha biashara.

Kinjikitile hakushiriki mapigano hayo. Habari za mikusanyiko ya Ngarambe zilikuwa zimefika ofisi ya Wajerumani Mohoro, naye akakamatwa. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro kwa kosa la uhaini, pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomhukumu kuwa wamechelewa, dawa yake imekwisha kufika mbali. Katika hilo alikuwa sahihi. Nduguye Njugumaina aliendelea na kazi, na kabla mwezi haujaisha vita vilikuwa vimefika Liwale na Mahenge.

Katika jambo jingine hakuwa sahihi, na heshima kwake haituzuii kusema. Risasi hazikugeuka maji. Mahenge, tarehe 30 Agosti, maelfu waliikabili bunduki ya mtombo wakiwa na mikuki, magobole na imani, wakafa kwa mamia. Baadaye Wajerumani waliacha kutafuta mapigano. Walichoma maghala, wakafyeka mazao, wakazuia kulima. Njaa iliyofuata, hadi 1907 na baadaye, iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Sehemu nyingi zilizobaki bila watu ziliota pori, na pori hilo likawa baadaye la wanyama na la hifadhi.

Watu hao walikufa kwa ajili ya nini? Shuleni tunajibu uhuru, na Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa miaka ya 1950 aliitaja vita hiyo kwa maana hiyo. Jibu hilo halina kosa. Ila mashina matatu ya Nandete yanatuambia kitu cha karibu zaidi na ardhi: walikataa kutoa mali na kazi bila kujua hesabu yake.

Na hapo serikali ilisikia, ingawa kwa kuchelewa na kwa damu. Götzen aliondoka mwaka 1906. Gavana aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, aliachana na mashamba ya pamba ya pamoja na akapendelea mkulima alime shambani kwake na auze mwenyewe. Mpango wa theluthi tatu ulikufa mwaka mmoja au miwili baada ya mtu wa Ngarambe.

Mabomba yanayopita chini

Miaka mia moja baadaye mali nyingine ilianza kupita Rufiji. Gesi iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 bomba lilianza kuipeleka Dar es Salaam, likipita chini ya ardhi ya wilaya zetu. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara. Tanzania haiuzi mafuta ghafi nje kama Angola au Nigeria, lakini swali la mapato ni lile lile. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam. Nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, jeshi likapelekwa. Aliyesikiliza madai yao vizuri alisikia zaidi ya suala la bomba. Walitaka kuambiwa mkataba unasema nini na fungu la mkoa ni lipi.

Tofauti na mwaka 1905, leo kuna sheria. Tanzania ilijiunga mwaka 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya madini, mafuta na gesi. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria inayotaka kampuni ziseme zimelipa kiasi gani, serikali iseme imepokea kiasi gani, na taarifa hizo mbili zilinganishwe hadharani. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko maalumu Benki Kuu. Ripoti hutolewa. Tatizo lake ni kwamba nyingi ni ndefu, ziko kwa Kiingereza, na kijijini zinafika kwa nadra. Daftari la Mohoro lilikuwa kwa Kijerumani.

Karibu zaidi na nyumbani, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kubaki na mapato ya mbao. Nanjirinji, wilaya ya Kilwa, ni mfano unaotajwa sana.

Na Ngarambe kwenyewe? Kijiji cha Kinjikitile kimepakana na pori lile lililokuwa Selous, na pamoja na jirani yake Tapika kiliunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ili nacho kipate kitu kutokana na wawindaji wa kitalii. Kanuni za mwaka 2012 zilizitaka jumuiya za aina hiyo zipeleke kwenye vijiji wanachama si chini ya nusu ya mapato yao. Nusu, badala ya theluthi. Lakini mwindaji wa kigeni hulipia leseni na wanyama serikalini kwanza, kisha fungu la jumuiya hurudishwa, na lalamiko la jumuiya nyingi nchini limekuwa kwamba pesa huchelewa, na inapofika haiambatani na mchanganuo wa wanyama wangapi waliwindwa na kila mmoja alilipiwa kiasi gani.